Jasura ya saa mbili kwa mtu asiye na muda

SWALI: Nina kazi ya siku sita kwa wiki na watoto wawili, mmoja ana miaka 9 na mwingine 5. Natoka nyumbani kabla hakujapambazuka, narudi giza likiingia. Zamani nilikuwa mtu wa kutembea na kuvumbua. Mwaka jana nilinunua hema na begi kubwa, na mpaka leo vimekaa chini ya kitanda. Nilijaribu ule ushauri wa kubadilisha njia ya kwenda kazini, nikauchoka ndani ya wiki moja. Je, mtu wa ratiba kama yangu anaweza kuwa na jasura maishani, au nisubiri watoto wakue?

JIBU: Ndugu msomaji, usisubiri. Watoto wakikua yatakuja mengine, na aliyezoea kusubiri hupata daima sababu ya kusubiri tena. Isitoshe, swali lako lenyewe limetaja mambo mawili yanayoeleza kilichokukwamisha, yaani njia ya kazini na hema.

Tuanze na njia. Jambo huwa jasura likiwa na vitu vitatu kwa pamoja. Hujui litaishaje. Uamuzi wa hatua inayofuata uko mikononi mwako. Na ukikosea kuna hasara, ila ni hasara unayoimudu, kama vile kuloa, kuchelewa, au kurudi bila ulichokifuata. Sasa ipime ile njia mpya ya kazini. Mwisho wake unajulikana: mlango uleule, saa ileile. Ukiona kichochoro kinachokuvuta huwezi kukifuata, kwa sababu kuna mtu anasubiri uingie kazini. Ukikosea njia hujifunzi chochote, unakaripiwa tu. Ugeni wake ulikuwa wa macho, na macho huzoea haraka. Ndiyo maana wiki moja ilitosha kuimaliza.

Angalia pia kwamba hatari haimo kwenye vitu hivyo vitatu. Mwanasaikolojia wa Marekani Marvin Zuckerman, ambaye mwaka 1964 alitoa kipimo cha kupima hamu ya watu ya kusisimka, alikuja kuigawa hamu hiyo katika mafungu manne, na humo kupenda michezo ya hatari ni fungu lake, kutafuta uzoefu mpya ni fungu jingine. Mtu anaweza kuogopa vimo na mwendo kasi, na bado akawa na kiu kubwa ya kuvumbua. Ukiwa na watoto wawili wanaokutegemea, hilo fungu la pili ndilo la kulisha, na halihitaji kuweka maisha rehani.

Kuhusu hema, tatizo ni ukubwa wake. Kifaa kikubwa hudai tukio kubwa. Ukiwa na hema la kubebwa na begi la lita 60, akili inaanza kutafuta siku tatu mfululizo, usafiri, ruhusa na hali nzuri ya hewa, vyote kwa wakati mmoja. Siku kama hiyo haitakuja. Kwa miezi mitatu ya kwanza liache hapo lilipo. Utakachohitaji ni begi dogo, ramani, na saa mbili.

Chagua saa mbili ambazo hakuna mwingine anayezidai. Kwa ratiba uliyoieleza, zilizo salama zaidi ni za alfajiri ya siku yako ya mapumziko, kabla nyumba haijaamka. Jioni ya siku ya kazi inawezekana mara mojamoja, tutaifikia. Usianze na kila wiki. Mara moja kila wiki mbili inatosha, mradi tarehe iandikwe mahali ambapo mwenzako wa nyumbani anaiona. Na mpe na yeye saa mbili zake zenye uzito uleule. Jasura inayomwachia mtu mwingine mzigo wa nyumba haifiki mara ya nne.

Kisha andika uamuzi wako kwa namna ambayo hautahitaji kuamuliwa tena. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer alionyesha katika kazi zake za miaka ya 1990 kwamba anayepanga kwa mtindo wa "kikitokea hiki, nitafanya kile" hutekeleza zaidi ya anayesema tu "nitafanya". Kwa hiyo usiandike "nitoke Jumapili". Andika: "Kengele ya simu ikilia saa 11 alfajiri na miguu ikigusa sakafu, navaa nguo zilizo juu ya begi." Nguo ziwe juu ya begi kweli, na begi liwe mlangoni, tangu usiku. Kama ni jioni ya kazi, begi liende nawe kazini asubuhi na safari ianzie hukohuko. Usipitie nyumbani kwanza. Wengi waliojaribu kupitia nyumbani "kubadilisha viatu tu" waliishia kwenye kiti, na kiti hakikuwaachia.

Sasa uende wapi? Hapa ndipo watu wengi huishia kurudia sehemu wanayoijua, kwa kuwa mtu aliyechoka huchagua rahisi. Kuna njia ya kuliondoa chaguo hilo mikononi mwa mchovu. Chukua ramani ya karatasi ya eneo lako yenye skeli ya 1:50,000, au chapisha ya mtandaoni kwa skeli hiyo. Weka ncha ya bikari kwenye nyumba yako, chora duara la nusukipenyo cha sentimita 8. Hizo ni kilomita 4 kila upande, na duara zima lina eneo la karibu kilomita za mraba 50. Ligawe kwa mistari kila sentimita 2, upate miraba ya kilomita moja kwa moja. Chukua penseli, tia kivuli kila mraba ambao umewahi kuukanyaga kwa miguu. Kupita kwa gari hakuhesabiki.

Utakachokiona ni picha ya maisha yako, utepe mmoja au miwili iliyotiwa kivuli kuelekea kazini, shuleni na sokoni, na pembeni yake weupe mtupu. Miraba hiyo myeupe ipe namba, ziandike kwenye vipande vya karatasi, vitie kwenye kopo. Usiku wa kuamkia safari chomoa kimoja. Namba iliyotoka ndiyo unayokwenda, hata ikionekana haina kitu. Usichomoe cha pili. Mraba unaoonekana hauna kitu kwenye ramani ndio mara nyingi wenye mambo, kwa sababu waliochora walikuwa na sababu chache za kuandika.

Hesabu ya muda ifanyike kabla ya kulala, kwa kanuni ya mpanda milima wa Scotland, William Naismith, ya mwaka 1892, ambayo bado inatumika: kilomita 5 kwa saa kwenye tambarare, ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Yaani kila mita 100 za kupanda zinakula dakika 10. Ukiwa na dakika 120, usigawe kati kwa kati. Geuza dakika ya 50, popote ulipo. Dakika 50 nyingine ni za kurudi, na 20 ni akiba ya miguu iliyochoka, njia iliyofungwa, au kona uliyoikosa. Kwenye tambarare dakika 50 zinakufikisha kilomita 4 na ushei. Kama njiani kuna kupanda kwa mita 150, toa dakika 15, unabaki na 35, na hizo ni karibu kilomita 3. Ni mraba ulio nje ya uwezo huo tu ndio unaorudishwa kwenye kopo hadi siku ya muda mrefu zaidi, au panda usafiri hadi karibu na uanzie hapo.

Saa ya kugeuza ni sheria, na ndiyo sheria moja tusiyotaka uilegeze. Anayevunja ahadi ya kurudi mara mbili, mara ya tatu anakuta ruhusa imeisha, na ana bahati kama ni ruhusa tu iliyoisha. Weka kengele. Ikilia, geuka, hata kama kilele kinaonekana. Kilichobaki mbele ndicho kitakachokutoa kitandani wiki mbili zijazo.

Ukiwa njiani, zima ile sauti ya simu inayokuelekeza kona kwa kona. Simu iwepo, ina kazi yake ya dharura, lakini ikae begini. Ubongo una chembe zinazofanya kazi ya ramani. Mwanasayansi John O'Keefe alizigundua za kutambua mahali mwaka 1971, May-Britt na Edvard Moser wakatangaza za kupima nafasi mwaka 2005, na wote watatu wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walionyesha kwamba madereva wa teksi wa London, ambao hulazimika kukariri maelfu ya mitaa, walikuwa na sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu na kutambua mahali, kubwa kuliko watu wengine. Kwa mtembeaji wa saa mbili maana yake ni nyepesi: anayefuata mshale anafika, anayefuata ramani anapajua. Tofauti utaiona utakaporudi, maana utaweza kuichora njia yako kwa mkono. Jaribu hivyo, ni kipimo kizuri.

Njia rahisi ya kutopotea bila mshale ni kugeuka nyuma. Kila ukifika njia panda, simama, tazama ulikotoka, na utaje kwa sauti kitu kimoja kisichohama, kama ukuta wa bluu, mti uliogawanyika, nguzo iliyoinama. Njia ya kurudi haifanani na ya kwenda, na watu hupotea kwa kuwa waliiona upande mmoja tu.

Kufika kwenye mraba peke yake kunaweza kukuchosha baada ya mara tatu nne, kama ilivyokuchosha njia ya kazini. Ndipo panapohitajika swali. Swali tunalolipendekeza kuliko yote ni hili: maji ya mvua yanayopita mbele ya mlango wako yanakwenda wapi? Watu wachache mno wanajua jibu zaidi ya kona ya kwanza, na kulitafuta kunaweza kukuchukua safari sita.

Fanya hivi. Siku moja baada ya mvua, maji yakiwa yamepungua, chuchumaa kando ya mtaro ulio karibu na nyumba na udondoshe jani kavu. Litazunguka kidogo, litagusa ukingo, kisha litashika mkondo. Lifuate. Litapita chini ya daraja la mlangoni kwa jirani, litakwama kwenye takataka, ulisukume kwa kijiti. Mahali fulani litamezwa na kalvati au bomba. Hapo ndipo kazi inapoanza. Usiingie kwenye bomba wala kalvati, hata liwe kubwa na kavu. Mvua iliyonyesha mbali usikokuona inaweza kulijaza kwa dakika chache, na hewa ya ndani si ya kuaminika. Tembea juu ya ardhi, ukifuata mteremko. Tafuta mifuniko ya chemba iliyojipanga kwenye mstari, simama juu ya kila mmoja usikilize. Penye maji yanayotembea utayasikia, hasa alfajiri mji ukiwa kimya. Mahali mtaa unapobonyea bila sababu, mahali kuta za nyumba zina alama ya uchafu kimo cha goti, mahali miti ni mibichi kuliko jirani zake, maji yapo au yaliwahi kupita.

Ramani itakusaidia. Tazama mistari ya mwinuko, ile inayounganisha sehemu zenye kimo sawa: penye bonde mistari hiyo hujikunja kama herufi V, na ncha ya V huelekea juu, yanakotoka maji. Penye mgongo wa kilima hujikunja kinyume, ncha ikielekea chini. Ukizijua V hizo unaweza kukisia mkondo utatokea wapi, kisha ukaenda kuhakikisha. Kukisia kwanza ndiyo raha yenyewe. Ukikosea, una swali jipya. Mwishowe utafika kwenye kijito, kijito kitakupeleka kwenye mto, na siku utakayosimama kwenye mto huo utakuwa unajua umeunganishwa nao kwa njia uliyoitembea hatua kwa hatua. Watu walioishi sehemu moja miaka ishirini hawaijui kwa namna hiyo.

Kama maji hayakuvuti, kuna maswali mengine yenye tabia hiyohiyo ya kuvuta. Ni sehemu gani ya juu kuliko zote ndani ya duara lako, na je, nyumba yako inaonekana kutoka hapo? Jengo gani ni la zamani kuliko yote? Reli au barabara ya zamani ilipita wapi kabla haijahamishwa? Kutafuta kitu karibu na nyumbani si uzushi wa leo. Mwaka 1854, kwenye nyika ya Dartmoor huko Uingereza, mwongoza watalii James Perrott aliacha chupa mahali pagumu kufikika ili wanaofika waache kadi zao, na mchezo huo wa masanduku yaliyofichwa unaendelea mpaka sasa. Tarehe 2 Mei 2000 Marekani iliondoa upotoshaji uliokuwa umewekwa kwenye mawimbi ya GPS kwa watumiaji wa kiraia, na kesho yake Dave Ulmer alificha ndoo msituni jimboni Oregon na kutangaza viwianishi vyake kwenye intaneti. Watu wakatoka kwenda kuitafuta. Kinachowatoa watu ni kitu cha kutafuta, umbali hauna sehemu kubwa.

Begi. Litoshe lita 15 hadi 20, na likijaa lisizidi kilo 4. Ndani yake: maji lita moja, kwa kukadiria nusu lita kwa kila saa ya kutembea hali ya hewa ikiwa ya wastani, na zaidi kwenye joto, koti jepesi la mvua, tochi ya kichwani, pawabanki na waya wake, filimbi, bandeji na plasta, soksi moja ya akiba, kamba ya mita 5, ramani kwenye mfuko wa plastiki, penseli na daftari, kitu cha kula kisichoharibika kwa mwezi. Begi hili halifunguliwi kwa matumizi mengine. Chochote kikitoka, kirudi usiku uleule, kwa sababu begi lisilo kamili ndilo linalozaa ile nusu saa ya kutafutatafuta inayoua safari. Tochi nyingi huwaka zenyewe begini kwa kubonyezwa. Kama ni ya betri za kawaida, igeuze betri moja kichwa chini hadi utakapoihitaji. Filimbi nayo ina lugha yake. Ishara ya dhiki ya milimani ni milio 6 ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, kisha tena. Anayejibu hupiga 3.

Kabla hujatoka, mwachie mtu ujumbe wenye mambo manne: mraba unaokwenda, njia unayotarajia, saa ya kurudi, na saa ambayo akiona kimya aanze kukutafuta. Hiyo ya nne ndiyo watu huisahau, na ndiyo yenye maana. Kuhusu usalama wa mitaa yenyewe, wewe unaijua kuliko sisi. Nenda na mwenzako pale panapohitaji, epuka mahali palipo wazi kabisa bila watu gizani, na ardhi ya mtu iombee ruhusa. Kumuuliza mtu njia au kuomba kupita shambani kwake ni sehemu ya jasura pia. Kwa wengi ndiyo sehemu ngumu kuliko kilima.

Hali ya hewa iamuliwe mapema, ukiwa umekaa sehemu kavu. Mvua ya kawaida haifuti safari, ndiyo kazi ya koti. Kinachofuta ni radi, upepo wa kung'oa matawi, na maji yanayopanda. Ukiona mwanga wa radi, hesabu sekunde hadi usikie mngurumo: kila sekunde 3 ni kilomita moja. Zikiwa 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10, na wewe uwe ndani ya jengo au gari lililofungwa hadi dakika 30 zipite tangu mngurumo wa mwisho. Mti mrefu peke yake uwanjani si kimbilio.

Jioni ya siku ya kazi ni ya mbalamwezi. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku, na mwezi mpevu huchomoza karibu na machweo. Kwa hiyo siku mbili tatu kabla ya mwezi mpevu, jua likizama mwezi tayari uko juu, na hizo ndizo jioni za kuweka alama kwenye kalenda. Siku tatu baada ya mwezi mpevu utakaa gizani saa mbili na zaidi ukiusubiri. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na kuangalia simu mara moja kunayarudisha mwanzo, kwa hiyo kama lazima usome ramani, tumia taa nyekundu. Ukitaka kujua jua limebakiza muda gani, nyoosha mkono, kunja kiganja kikutazame, vidole vilale sawa na upeo wa macho, na uhesabu vidole vinavyoingia kati ya upeo huo na jua, bila kulikodolea jua lenyewe. Kila kidole ni takriban dakika 15. Karibu na ikweta jua huzama wima na giza huingia ndani ya nusu saa. Mbali na ikweta huzama kimshazari na mwanga hukawia.

Baada ya safari tano sita za saa mbili, lala nje usiku mmoja wa kuamkia siku ya mapumziko. Kati ya saa 11 jioni na saa 3 asubuhi kuna saa 16, na karibu zote ni za kwako kama mtu mwingine atawalaza watoto. Usiku wa kwanza uwe uani au kwenye roshani, mahali ambapo ukishindwa saa 8 usiku unaingia ndani na kulala, bila kujilaumu. Karibu kila anayeshindwa usiku wa kwanza hushindwa kwa sababu moja, nayo ni baridi ya kutoka chini. Uzito wa mwili huubana mfuko wa kulalia upande wa mgongo, hewa iliyokuwa ikikukinga inatoka, na ardhi inaanza kunyonya joto usiku kucha. Anayehisi hivyo huongeza blanketi juu, na haisaidii. Kinachotakiwa ni godoro jembamba la sponji lenye unene usiopungua sentimita moja, na kama una maboksi ya kadibodi yaliyofunguliwa, yatandike chini yake. Fulana ya pamba uliyotokwa nayo jasho ivue, kwani pamba hushika maji na maji hukupoza. Vaa kavu kabla ya kulala.

Ukija kulala mbali na nyumbani, usilale chini kabisa ya bonde, maana hewa baridi huteremka kama maji na kutuama huko. Hatua chache juu ya sakafu ya bonde kuna joto zaidi. Usilale kwenye mkondo wa mto uliokauka. Tazama juu kwanza, kama kuna tawi kavu. Turubai la mita 3 kwa 3 linatosha badala ya hema: funga upande mmoja kimo cha kifua, upande wa pili ushikize chini kwa vigingi kuelekea upepo unakotoka. Umande hukaa zaidi palipo wazi chini ya anga tupu, kwa hiyo hata turubai bila mvua linakulinda usiamke umeloa. Chandarua panapohitajika si cha hiari. Haja kubwa ifukiwe shimo la sentimita 15 hadi 20, mita 60 kutoka kwenye maji. Na tegemea kulala vibaya. Usipange usiku huo mkesha wa safari ndefu ya kuendesha gari.

Watoto wako wana umri mzuri sana. Mwenye miaka 9 mpe ramani na dira, na ujiwekee sheria ya kutosema neno isipokuwa kuna hatari. Atakosea. Mwache akosee mita mia mbili, halafu muulize anachokiona na ramani inasemaje. Mwenye miaka 5 mpe sarafu ya kurusha kwenye kila njia panda: upande huu kulia, upande ule kushoto. Muda hesabu nusu ya mwendo wako, na geuza dakika ya 40, kwa sababu mdogo akichoka utambeba. Kila mmoja awe na filimbi shingoni na agizo moja: ukiona hutuoni, simama hapohapo ukumbatie mti au nguzo, upulize. Anayehama ndiye anayekuwa mgumu kupatikana.

Jioni ya siku hiyohiyo andika mistari mitatu: ulipofika, kitu ambacho hukukitegemea, na swali lililobaki. Mwaka 1890 mwanasaikolojia wa Marekani William James aliandika kwamba miaka huonekana kufupika kadiri tunavyokua kwa sababu siku hugeuka mazoea na kumbukumbu zake hujikunja pamoja. Mistari hiyo mitatu huizuia siku moja isijikunje. Swali lililobaki lina kazi nyingine pia: liandike juu ya karatasi ya mraba unaofuata.

Kwa wiki hii, basi, kazi yako ni ndogo. Chora duara, tia kivuli, jaza kopo. Kubaliana na mwenzako tarehe moja. Vuta begi dogo, si lile kubwa, ulipakie leo usiku ukiwa bado na hamu. Na kama mvua imenyesha karibuni, kesho ukirudi, kabla hujaingia ndani, chungulia mtaro ulio nje ya mlango uone maji yanaelekea upande gani.